Mwana wa Mfalme Naye Alikimbia

Mpwa wangu ana miaka 13. Jioni, kama mama yake ameuza kitenge na yaka imelipwa, anaazima laptopu ya jirani yetu hapa Nsambya na kucheza gemu moja tu, Aurion. Mwanzoni nilimgombeza. Nikasema, mtoto wa mkimbizi ana muda gani wa kuchezea? Halafu usiku mmoja nikakaa nyuma yake kutazama, na chai yangu ikapoa mkononi.

Kwa wasiolijua: gemu hili lilitengenezwa Yaoundé, Kamerun, na kampuni ya Kiro'o Games ya Olivier Madiba, likatoka mwaka 2016. Watu wake wamechorwa kwa mkono. Unawatazama kwa ubavu, kama umekaa barazani na watu wanapita barabarani. Shujaa anatoka kushoto anaelekea kulia, na nchi inafunguka kidogo kidogo mbele yake. Anaitwa Enzo Kori-Odan, mwana wa mfalme wa Zama. Siku ile ile ya kutawazwa, shemeji yake anampindua. Basi anatoka nchini mwake pamoja na mkewe Erine, wanazunguka dunia kutafuta washirika na kuamsha Aurion, yaani nguvu inayotoka kwenye urithi wa mababu.

Nilielewa haraka kwa nini mtoto analipenda. Kwanza, watu wale wamevaa nguo zinazofanana na zile mama yake anazobeba kichwani kuuza. Pili, kule kila hatua inahesabiwa. Ukipigana unaongezewa nguvu, ukitembea unafika. Hapa Kampala unaweza kuamka saa kumi na moja alfajiri, upange foleni, urudi jioni na karatasi ile ile uliyokwenda nayo. Ninyi mnaofanya kazi na sisi mkiona kijana wetu amezama kwenye gemu, msiseme haraka kwamba anakimbia maisha. Labda anaonja tu mahali ambapo jasho lake lina jibu.

Lakini sababu ya tatu ndiyo iliyonichoma. Hadithi ya Enzo inaanza kwa kushindwa. Shujaa ni mtu aliyefukuzwa kwao. Sinema nyingi nilizoziona kibandani, mkimbizi ni yule anayepita nyuma na godoro kichwani. Hapa yeye ndiye mwenye hadithi.

Sasa, usiku ule mtoto alisimamisha gemu akanigeukia. "Tonton, Enzo anarudi kupigana. Wewe kwa nini ulikimbia tu?"

Sikumjibu. Tulitoka upande wa Bunagana Julai 2012, M23 walipoingia. Baba yake alibaki nyuma kufunga nyumba, hatujamwona tena. Sisi tulivuka mpaka hadi Kisoro, baadaye Rwamwanja, mwishoni Kampala. Miaka yote hii nimejiuliza swali la mtoto huyu bila kumwambia mtu. Je, mwanamume aliyekimbia bila kurusha hata jiwe amepoteza kitu ambacho hakirudi?

Nimelifikiria kwa wiki kadhaa, na naona hivi. Gemu linasema kweli nusu. Kweli yake ni kwamba kufukuzwa si kuvuliwa utu. Enzo yuko njiani lakini bado ni Enzo, na mababu zake hawakubaki kwenye kasri. Hilo namtaka mpwa wangu alijue mpaka kwenye mifupa.

Ila hili la kurudi kwa ngumi linaniogopesha. Kule kwetu kila kundi lenye bunduki lina hadithi hiyo hiyo: tulinyang'anywa, tulifukuzwa, tunarudi kuchukua chetu. Kila mmoja kwenye kichwa chake ni Enzo. Na anayelipa ni mkulima wa maharage, ambaye hakuwa na kiti cha enzi cha kurudishiwa. Sisi hatukuwa wafalme. Tulikuwa na shamba, mbuzi watatu na mlango.

Kuna gemu jingine, linaitwa Salaam. Alilibuni Lual Mayen, Msudani Kusini aliyekulia kambini hapa hapa Uganda, upande wa kaskazini. Mama yake aliweka akiba miaka mitatu ili amnunulie kompyuta, naye alikuwa akitembea saa tatu kwenda kuichaji. Katika gemu lake unakimbia vita. Kazi yako ni kukimbia na kubaki hai, utafute maji na chakula. Mpwa wangu nilipomsimulia alikunja uso: "Hilo halina utamu." Sikumlaumu. Kukimbia hakuna utamu, mimi nakumbuka. Lakini yule aliyewahi kuishi mambo yenyewe ndiye aliyeona kwamba kubaki hai tu kunatosha kuwa ushindi.

Basi siombi mtoto aache Aurion. Acheze, na mimi nakaa naye. Kosa langu lilikuwa kunyamaza, nikaliachia gemu limjibu swali lililokuwa langu.

Juzi nikamjibu. Nikamwambia: "Siku ile mama yako alikuwa na wiki tatu tangu akuzae, alitembea kwa shida. Baba yako alikuweka mikononi mwangu akasema, tangulieni. Ningerudi kupigana, ningekuweka wapi?"

Alikaa kimya kidogo. Halafu akauliza, "Nilikuwa mzito?"

Nikamwambia, kupanda kilima, ndiyo, ulikuwa mzito sana.

Akacheka, akageukia kioo, akaendelea kwenda kulia.