Mitumba, na Haki ya Kusema Hapana

Wengi husema ya kuwa mwuzaji na mnunuzi wakiisha kupatana, hapana neno tena. Huyu ataka fedha, yule ataka nguo. Wamekubaliana bei, kila mmoja ashika njia yake. Usemi huu una nguvu, wala hatuudharau, maana wazuia wizi na kulazimishana. Walakini twauliza: je, mapatano peke yake yatosha kuifanya biashara kuwa ya haki, hasa ikiwa upande mmoja ni nchi tajiri na upande wa pili ni nchi maskini? Kulitafuta jibu si lazima kwenda mbali. Na tutazame shati moja tu katika soko la Tandika, Temeke, au huko Manzese.

Shati hili lilianza kuwa zawadi. Mtu fulani wa Ulaya au Marekani alilichoka, akalifua, akalitia katika sanduku la chama cha hisani, akaenda zake na moyo mweupe, akidhani maskini atavikwa bure. Chama huuza nguo chache zilizo bora katika maduka yake. Zilizobaki, nazo ndizo nyingi, huwauzia wafanya biashara kwa uzani. Hao huzichambua kwa daraja, huzikandamiza kwa mashine na kuzifunga marobota, na robota moja aghalabu lina kilo 45. Huvuka bahari, hulipiwa ushuru bandarini, huingia ghala la tajiri wa mjini, kisha ndipo hufika kwa mama wa Tandika. Basi yule maskini aliyekusudiwa kupewa, sasa ndiye anayelipa. Hatusemi ya kuwa katika safari hii yuko aliyesema uwongo. Meli yataka nauli, na mchambuaji ataka mshahara. Lakini ni jambo la kuangaliwa, kwamba zawadi yaweza kugeuka bidhaa njiani, pasipo mtoaji kujua wala mpokeaji kuulizwa. Watu wa zamani waliziita nguo hizi "kafa Ulaya", wakidhani ni za marehemu. Kumbe aghalabu mwenyewe yu hai, ila ameichoka rangi.

Tena mama huyo hulinunua robota likiwa limefungwa. Haruhusiwi kukata kamba na kutazama ndani kabla hajalipa. Alfajiri hulifungua sokoni, na wanunuzi wamekwisha kumzunguka: akikuta nguo njema, amepata mtaji na karo ya watoto, akikuta zilizochanika, au makoti ya baridi yasiyovaliwa Dar es Salaam, hasara ni yake, na mara nyingi fedha aliyonunulia ni ya mkopo. Katika mnyororo wote huo, mwenye mali chache kuliko wote ndiye abebaye hatari iliyo kubwa. Amekubali kwa hiari? Ndiyo, amekubali. Lakini hiari ya mtu asiye na njia nyingine si sawa na hiari ya mwenye njia kumi, ijapokuwa sheria huziita kwa jina moja.

Msomaji asidhani ya kuwa twawacheka wavaao mitumba. Katika sharika zetu za Temeke na Kinondoni ni wachache wasiowahi kuivaa, na mtoto aliyepata viatu vya shule kwa njia hii hana sababu ya kuona haya.

Yako, hata hivyo, ya upande wa pili. Pamba yetu hulimwa hasa Usukumani, katika Simiyu, Shinyanga na mikoa ya jirani, na sehemu kubwa ikiisha kutolewa mbegu hupelekwa ng'ambo ikiwa pamba nyuzi, ikafumwe na kushonwa na wengine. Zamani ilitumainiwa kwamba itafumwa hapa. Mwaka 1968 Kiwanda cha Urafiki kilifunguliwa kwa msaada wa China kando ya barabara ya Morogoro, pale Ubungo, ambapo kwa miaka mingi palihesabiwa katika wilaya ya Kinondoni. Maelfu walipata kazi, na khanga zake zilivaliwa nchi nzima. Baadaye kikadhoofika. Wengine huitwika mitumba lawama yote, nasi twaona wazidisha. Mashine zilichakaa, umeme ulikatika, usimamizi ulikuwa na kasoro, tena vitambaa vipya vya bei nafuu kutoka Asia vilijaa madukani. Lakini mitumba nayo, iliyozuiliwa zamani za Ujamaa na kufunguliwa mlango katika miaka ya 1980, ilikuwa na fungu lake.

Kwa sababu hiyo, Machi 2016, wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuziondoa nguo na viatu vilivyotumika hatua kwa hatua, katika muda wa miaka mitatu. Mwaka uliofuata chama cha wafanya biashara wa nguo kuukuu cha Marekani kikaishitakia serikali yake, kikidai ya kuwa kazi 40,000 za Wamarekani zingepotea. Marekani ikazionya Rwanda, Tanzania na Uganda ya kwamba zaweza kupoteza nafasi ya kuuza bidhaa zao huko pasipo ushuru, nafasi zilizopewa kwa sheria ya AGOA ya mwaka 2000. Kenya ilikuwa imekwisha kujitoa katika shauri hilo. Tanzania na Uganda zikarudi nyuma, na Februari 2018 wakuu walipokutana Kampala katazo likaachwa. Rwanda peke yake ilishika neno lake. Ilikuwa imeupandisha ushuru wa kilo moja ya nguo kuukuu kutoka senti 20 za dola hata dola 2.50, na Julai 2018 nguo zake zikaondolewa katika msamaha wa AGOA.

Je, Marekani ilikosa? Ni lazima kuwa waangalifu hapa. Mtetezi wake atasema: msamaha ule ulikuwa fadhili, si deni, masharti yake yaliandikwa tangu mwanzo, na mojawapo ni kutozuia bidhaa za Marekani, mwenye kutoa fadhili aweza kuizuia. Hoja hii ni nzito. Lakini fadhili inayomtaka mpokeaji anunue nguo nilizozivua mimi, imekwisha kuwa mapatano, na mapatano hupimwa kwa kipimo kingine. Katika mapatano twauliza: kila mmoja akisema hapana, atapatwa na nini? Kwa nchi kubwa kama Marekani, soko la nguo kuukuu la Afrika Mashariki ni tone la maji. Kwa Rwanda, mlango ule uliofungwa ulikuwa tumaini la kiwanda kizima. Mwenye nguvu akikataliwa hupoteza kidogo, mnyonge akikataa hupoteza kingi. Hapo ndipo tuionapo kasoro, wala si katika karatasi ya sheria.

Nasi huku tusijitie usafi. Wakuu walipoamua Arusha, nani aliyekwenda Tandika kumwuliza yule mama? Alipewa miaka mitatu, wala hakuna kiwanda kilichokuwa tayari kumwajiri. Yeye naye hakuwa na nafasi ya kusema hapana. Serikali inayodai haki ya kukataa mbele ya wakubwa, huku ikiwanyima wadogo wake haki hiyo hiyo, imelidai jambo jema nusu.

Huko Kilimanjaro wakulima wa kahawa walijifunza mapema kwamba mtu mmoja hana sauti mbele ya mnunuzi. Chama chao, KNCU, kilianzishwa mwaka 1933, na baadaye kikauza sehemu ya kahawa kwa njia ya biashara ya haki, ambayo bei yake haishuki chini ya kiwango, na kuna nyongeza kwa ajili ya shule au barabara. Kahawa iuzwayo hivyo ni fungu dogo tu. Lakini mkulima mwenye bei ya chini iliyo hakika aweza kumwacha mnunuzi mbaya aende zake. Wauzaji wa mitumba wakiungana vivyo hivyo, jambo la kwanza wawezalo kulidai kwa mwenye ghala ni dogo kabisa: robota lifunguliwe mbele yao kabla ya malipo, au lililo bovu lirudishwe.

Jambo hili lagusa pia urafiki wa sharika zetu na sharika za Ulaya. Barua huandikwa kila mwaka, na sisi huorodhesha mahitaji yetu. Tungependa wazee wa kanisa, kabla ya barua ya mwaka huu kutiwa sahihi, wajiulize ni lini mara ya mwisho tuliwaandikia rafiki zetu kwamba kitu walichotaka kutuletea hatukihitaji, na jibu lao likawaje.