Lango Lililofungwa Mchana

Msichana yule alikuwa na umri wa miaka tisa hivi, na mtungi wa lita 20 aliokuja nao ulikuwa unamfika magotini. Alipiga hodi langoni kwetu, hapa Kisauni, mara tatu. Ilikuwa kaskazi, jua linachoma, na mifereji ya mtaa mzima ilikuwa imekauka siku ya nne. Mimi nilikuwa ndani, Biblia iko wazi mezani, natayarisha somo nililopangiwa kulifundisha Jumapili kanisani: Luka sura ya tisa, Yesu anapoeleza maana ya kumfuata. Niliinuka, nikaenda hadi langoni, nikamwambia, "Maji yameisha, mwanangu." Kisha nikatia komeo.

Maji hayakuwa yameisha. Tangi lilikuwa limefika nusu. Nilikuwa nimepiga hesabu kwamba nusu hiyo itatutosha siku sita tukijibana, na hesabu yangu haikuwa na nafasi ya mtungi wa mtoto wa watu.

Jioni, baada ya magharibi, jirani yetu mzee akaja. Ni Muislamu, mjane, na uani kwake kuna kisima cha maji ya chumvi ambayo mtaa mzima huchota. Mkononi alishika bakuli lililofunikwa kwa sahani. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, muna mgonjwa humu? Nimeona lango limefungwa mtana, na si kawaida yenu." Ndani ya bakuli mlikuwa na uji.

Sikuwa na la kumjibu. Mtaani kwetu, lango likifungwa mchana majirani hudhani mna ugonjwa au msiba. Haikumpitia akilini kwamba mtu mzima mwenye maji anaweza kujifungia kwa sababu ya maji. Aliniwazia mema kuliko nilivyostahili, na aliniletea uji kwa huzuni ambayo haikuwapo. Usiku ule nilirudi kwenye Luka nikalisoma somo lile upya, safari hii kama mtu anayesomewa mashtaka.

Neno la kwanza lililonisimamisha ni kufuata. Sisi watu wa Mombasa bara tunalijua neno hili kwa miguu. Tunasema fulani amekwenda kufuata maji. Changamwe wanangoja maji ya Mzima, Kisauni tunangoja ya Baricho kwenye mto Sabaki, Likoni wanangoja ya Tiwi na Marere, na yasipofika, tunayafuata. Anayefuata maji hakai nyumbani akayasifia. Huchukua chombo akaenda yaliko, hata kama yaliko ni uani kwa mtu asiyemzoea. Nikajiuliza: ikiwa kumfuata Yesu ni kwenda aliko, basi aliko ni wapi? Mwenyewe alikwisha kusema, katika Mathayo sura ya 25, kwamba yumo katika mwenye njaa, mwenye kiu, mgeni, mgonjwa na mfungwa. Mwenye kiu alikuwa langoni kwangu saa nane mchana, nami nikamwambia maji yameisha.

Neno la pili ni kujitwika. Mathayo na Marko nao wanasimulia habari ya mfuasi kujitwika msalaba, lakini Luka peke yake ndiye anayeongeza kwamba ajitwike kila siku. Hapa Kiswahili kinatusaidia sana. Kutwikwa ni kuwekewa mzigo kichwani na mwingine. Kujitwika ni kuuinua mwenyewe ukauweka. Tumezoea kusema kisukari changu ndio msalaba wangu, mume mlevi ndio msalaba wangu, deni la mkopo ndio msalaba wangu. Hayo ni mateso ya kweli, na Mungu anayaona, lakini mengi kati yake tumetwikwa. Msalaba alioutaja Yesu ni ule ambao ungeweza kuupita ukaenda zako, nawe ukainama ukauchukua kwa ajili ya mwenzako. Na kwa kuwa ni wa kila siku, wa jana hauhesabiwi leo.

Ardhi hii tunayoikanyaga imewahi kuwaona watu waliojitwika. Ukitoka darajani Nyali ukafika Kongowea utaikuta kengele ya Frere Town, makazi yaliyoanzishwa na wamisheni wa CMS mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa utumwani. Kengele ile ndiyo iliyopapa mahali pale jina la Kengeleni, na inasimuliwa kwamba ilipigwa kuwaonya wakaaji wafanyabiashara wa watumwa walipokaribia. Kati ya Waafrika waliohusika na misheni hiyo alikuwamo William Jones. Alichukuliwa utumwani akiwa mtoto, akaokolewa, akalelewa Nasik nchini India, akarejea pwani hii kuwatumikia wenziwe. Mwaka 1885 Askofu Hannington alimpa ushemasi hapo Frere Town, na mwaka huohuo wakaondoka pamoja kuelekea Uganda. Hannington akauawa Busoga. Jones ndiye aliyewaongoza wapagazi waliosalia, kwa miguu, mpaka Rabai.

Watu wengi wangeona safari hiyo imetosha kuwa msalaba wa maisha yao. Lakini huko Rabai walikuwako pia watoro, watumwa waliowakimbia mabwana zao, walioomba kukaa. Sheria ya siku zile iliwatambua kama mali ya watu, na wakubwa wa misheni hawakutaka ugomvi na wenye mali. Jones aliwaacha wakae. Walilima, wakajenga, wakasali naye. Mwaka 1888 mabwana walipokuja juu kuwadai, jambo hilo lilikuwa kubwa kiasi kwamba kampuni ya Waingereza, IBEA, iliona heri kuwalipa fidia. Siku ya mwaka mpya wa 1889 watoro wa Rabai na vituo vingine vya misheni, zaidi ya 1,400, walianza kupewa hati za uhuru. Mtu aliyewahi kuwa mtumwa alikuwa amekataa kuwafungia wenziwe lango, mwaka baada ya mwaka, kabla hajajua kama mwisho wake utakuwa hati au mapanga.

Likoni nako lango liliwahi kufunguliwa. Agosti 1997, baada ya kituo cha polisi kuvamiwa usiku na wageni wa kutoka bara kuanza kuuawa na kuchomewa nyumba, maelfu walikimbilia uwanja wa kanisa Katoliki la Likoni. Walilala pale na watoto wao na masufuria yao. Wala sisemi kwamba lango wazi halina gharama. Tarehe 23 Machi 2014 watu wenye bunduki waliingia katika kanisa moja la Likoni ibada ikiendelea, wakaua watu sita. Tangu hapo makanisa mengi ya pwani yameweka walinzi wa kukagua wanaoingia, na siwalaumu. Kuweka mlinzi ni busara. Hofu yangu ni ukaguzi huo unapohamia moyoni, tukaanza kumpima kila apigaye hodi kwa kabila, kwa dini na kwa hesabu ya tangi.

Wengi wetu hatutaitwa kuwaficha watoro wala kuwahifadhi wakimbizi. Tutaitwa katika mambo madogo yanayokera kwa sababu hayaishi. Mama anayeuza maharagwe soko la Kongowea anajua kwamba gorogoro, kopo lake la kupimia, likibonyezwa kitako linaiba kidogo, na mteja hatagundua. Kuliacha lilivyotoka kiwandani, kila siku, ilhali wa meza ya pili amelibonyeza, ni kujitwika. Kijana anayefanya kazi ya makaratasi ya mizigo Changamwe anajua kwamba kitu kidogo kitasogeza faili lake mbele ya mengine. Akikataa leo, kesho ataombwa tena. Abiria wa feri ya Likoni anajua kwamba mlango ukifunguliwa umati hausubiri mtu, na kwamba mbele yake yuko mzee anayepapasa njia kwa fimbo. Kumshika mkono mzee huyo kwaweza kumkosesha feri hiyo na kumchelewesha kazini. Na wale waliofungwa katika gereza la Shimo la Tewa, hapahapa katika kaunti yetu, wangapi kati yetu tunaopita na matatu kwenda Mtwapa tumewahi kushuka tukawaona?

Jumapili ile nilisimama mbele ya darasa nikawasimulia habari ya mtungi kabla ya kufungua Biblia. Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja wa nyuma akasema kwamba hata yeye ana komeo lake. Baada ya ibada nilikwenda kwa bibi jirani nikamrudishia bakuli lake na kumweleza ukweli kuhusu lango. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanishika bega, akasema, "Mtoto yule akija, usimwambie haya. Mpe maji tu."

Sijawa mtu mwingine. Mifereji ikikauka, ile hesabu ya siku sita bado hunijia kichwani, nami hulazimika kuikataa upya, kana kwamba sijawahi kuikataa. Sasa naelewa kwa nini Luka alilihitaji lile neno moja la ziada. Wiki hii mfereji umekauka tena. Ninapoandika haya nasikia mitungi mitupu ikigongana huko nje, na sauti ya mtoto ikisema hodi. Naweka kalamu chini. Nakwenda kufungua.