Kikaratasi Chini ya Kibodi

Mwezi jana mwenzangu ofisini alipewa barua ya onyo. Nywila yake ilikutwa kwenye kikaratasi chini ya kibodi. Nilinyamaza. Changu kiko ndani ya pochi, nyuma ya kitambulisho.

Sheria yetu inataka herufi 8 hadi 12, moja iwe kubwa, pawe na tarakimu na alama. Ubadilishe kila siku 90. Usiandike popote. Wakati mmoja nilijaribu sentensi nzima kuhusu ng'ombe wa shosho, kitu nisichoweza kusahau hata usingizini. Mfumo ukakataa: ati ni ndefu mno, halafu kile kialama cha ng' hakiruhusiwi. Kumbe ng'ombe ni hatari, lakini Nairobi@1 ni salama. Siku 90 zikiisha, Nairobi@2. Mwizi gani atashindwa na hiyo hesabu?

Masharti ya aina hii yalienezwa na mwongozo ulioandikwa mwaka 2003 na Bill Burr wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani. Mwaka 2017 NIST yenyewe iligeuka: mtu aruhusiwe nywila ndefu, hata ya herufi 64, kila alama ya kibodi ikubaliwe, na asilazimishwe kubadilisha bila dalili kwamba imevuja. Burr, akiwa tayari amestaafu, aliliambia gazeti la Wall Street Journal kwamba anajutia mengi ya aliyoyaandika. Nilimheshimu kwa hilo. Kwetu ofisini habari hizo hazijafika.

Sisemi siri zenyewe ni mchezo. Ndani ya mfumo ule mna mishahara ya watu na magonjwa yao, na mimi sitaki yangu yasomwe na kila mtu. Kinachonisumbua ni ile ahadi. Kila siku 90 nabofya "nakubali" chini ya maneno "sitaiandika popote", nikijua nitaiandika, na nadhani aliyeyatunga pia anajua. Je, huo ni uongo, ikiwa hakuna anayedanganywa? Nilikuwa nikijiambia si uongo. Lakini siku ya onyo ilipofika, ahadi ile ile ilitolewa kwenye faili na kusomewa mmoja wetu kana kwamba sote wengine tumeitimiza.

Juzi akaniuliza, "Kwani wewe hukumbuka paswadi zote aje?"

"Niko na kichwa tu," nikamjibu.