Heshima ya Aliyeshindwa

Wengi wetu tumezoea kuwapima watu kwa kipimo kimoja tu: aliyeshinda ndiye mtu, aliyeshindwa si kitu. Kipimo hiki twakisikia barazani na sokoni, na la kusikitisha zaidi, twakisikia majumbani mwetu mtoto arudipo na matokeo ya mtihani yasiyopendeza. Tumeona ni vyema leo tukitazame kama kina haki ndani yake. Na mfano wetu tutautwaa mahali ambapo kushinda na kushindwa ni dhahiri kwa kila mwenye macho, napo ni ulingo wa ngumi.

Tarehe 1 Oktoba 1975, karibu na Manila katika nchi ya Ufilipino, walikutana mara ya tatu Muhammad Ali na Joe Frazier, wote wawili watu wa Marekani, kupigania ubingwa wa dunia wa uzito wa juu. Mwaka 1971 Frazier alimshinda Ali. Mwaka 1974 Ali akalipiza. Mara hii ya tatu walipigana asubuhi, katika joto kali, raundi 14, wala hapana aliyekubali kumwachia mwenziwe. Mwisho wake jicho la kulia la Frazier lilikuwa limefumba kwa uvimbe, na la kushoto, kama alivyokuja kueleza mwenyewe, lilikuwa bovu tangu zamani. Ngumi zilimfika asizione. Juu ya hayo alishikilia kuinuka kwa raundi ya 15. Mwalimu wake, Eddie Futch, akamkatalia, akauvunja mchezo. Basi Frazier akahisabiwa ameshindwa.

Lakini je, alidharauliwa? Hasha. Tangu siku ile kila aitajaye khabari ya Manila humtaja Frazier kwa heshima, na wako waliomtukuza kwa kushindwa huku kuliko walivyomtukuza kwa ushindi wake wa 1971. Ali mwenyewe alikiri kuwa hajapata kukaribia mauti kama siku ile.

Sababu yake, kwa tuonavyo, ni hii. Kushinda si mali ya mja. Nguvu, afya, na siku njema ni mgao wa Mola, humpa amtakaye na humnyima amtakaye. Kilicho mkononi mwa mtu ni juhudi yake, subira yake, na kusimama kwake pale ambapo kukimbia ni rahisi. Basi mtu husifiwa kwa haki kwa alichokitenda, si kwa alichogaiwa.

Hapa yatubidi tuseme neno ambalo huenda likawachoma baadhi ya ndugu zetu, maana Ali ni mpenzi wetu, na ni Mwislamu. Kabla ya pambano lile alimfanyia Frazier mzaha mbele ya waandishi wa magazeti, akamwita sokwe, na watu wakacheka. Qur'ani imetukataza kudharauliana, tena imetuamrisha kusema haki ijapokuwa ni juu ya nafsi zetu. Basi twasema: siku ile aliyeshinda kwa ngumi alikuwa amekwisha shindwa kwa ulimi. Na Mtume, rehema na amani zimshukie, ametufundisha kuwa mwenye nguvu si yule awaangushaye watu, bali ni yule aimilikiye nafsi yake anapoghadhibika. Lakini tumpe Ali haki yake pia: mwaka 2001 aliomba radhi hadharani kwa maneno yale, na Novemba 2011, hali ni mgonjwa, alihudhuria maziko ya Frazier. Kukiri kosa nako ni ushujaa, na ni wachache wauwezao.

Wala mtu asifahamu kuwa twausifu mchezo wenyewe. Mtume amekataza kupiga uso, na mwaka 1987 wanazuoni wa baraza la fiqhi la Rabita, huko Makka, walitoa uamuzi kuwa ngumi za namna hii hazijuzu. Mwili ni amana. Si halali kuuharibu ili watazamaji wafurahi. Kwa hivyo katika khabari hii mtu wa kufuatwa zaidi ni Eddie Futch. Alikuwa na raundi moja tu mbele yake, na pengine ubingwa. Akaona uhai wa mtu una thamani zaidi, akasema basi. Ushujaa usiojua mpaka wake ni upotevu.

Nasi Waislamu hatuna haja ya kwenda Manila kulijua jambo hili. Katika vita vya Uhud, mwaka wa tatu wa Hijra, Waislamu walipatwa na msiba mkubwa. Walikufa mashahidi wapatao 70, na Hamza miongoni mwao. Kesho yake Mtume aliwaita wale wale waliokuwako Uhud watoke tena kumwandama adui, wakatoka na majeraha yao mpaka Hamraa al-Asad. Mwenyezi Mungu akawasifu katika Qur'ani kwa kuitikia kwao baada ya kujeruhiwa.

Basi turudi majumbani mwetu. Kijana aliyeanguka mtihani kwa jasho lake, na mwenziwe akafuzu kwa karatasi ya wizi, ni yupi tumpaye mkono? Mfanyabiashara aliyefilisika akauza nyumba ili alipe madeni ya watu, na jirani yake aliyetajirika kwa kuwadhulumu, ni yupi tumwinukiaye aingiapo barazani? Kila mmoja wetu aijibu nafsi yake kwa kweli. Tukiendelea kuheshimu ushindi peke yake, tusistaajabu watoto wetu wakiutafuta kwa njia yoyote.

Mola atujaalie kuwa wenye kusimama imara, na wenye kujua pa kukomea. Amin.