Mguu na Kipimo Chake

Mtu akipimwa kwa kipimo alichokikata mwenyewe, je, hukumu ya kipimo hicho yaweza kuitwa haki? Swali hili aghalabu huulizwa katika habari za sheria na utawala. Mimi nataka kuliuliza katika jambo dogo, dogo hata baadhi ya wasomaji wataona halistahili wino: namna mpiga ngoma asawazishavyo pedali ya haihati katika seti ya ngoma za elektroniki.

Haihati ni matoazi mawili yaliyoelekeana juu ya stendi moja. La chini limetulia, la juu hupanda na kushuka kwa amri ya mguu. Ilizaliwa Marekani katika miaka ya 1920, ikiwa fupi, karibu na kifundo cha mguu, kisha ikainuliwa hata kijiti kikaifikia. Katika miaka ya 1930 Jo Jones, mpiga ngoma wa bendi ya Count Basie, aliuhamishia huko mwendo wa muziki ambao kabla yake ulibebwa sana na ngoma kubwa. Matoazi yakibanwa, sauti huwa kavu na fupi, yakiachwa, hutawanyika. Kati ya hali hizo mbili mna daraja zisizo na hesabu, na ustadi wa mguu umo humo.

Katika matoazi ya shaba iliyochanganywa na bati, mpigaji huweza kuchagua umbali wa toazi na toazi, lakini hawezi kuchagua maana ya kugusana. Yamegusana au hayakugusana. Pedali ya elektroniki haina shaba ya kutoa ushahidi huo. Ina kihisi kipimacho jinsi ilivyoshuka, na habari hiyo hupelekwa kwa nambari katika kisanduku cha sauti. Kwa kanuni ya MIDI, iliyoanza mwaka 1983, nambari hizo hutoka 0 hadi 127. Walakini nambari haijui wapi ni wazi na wapi ni kufungwa, yapasa ifundishwe. Jinsi ya kuifundisha hutofautiana kwa kila chombo, lakini kwa vingi kisanduku humwambia mpigaji aondoe mguu, kisha akanyage. Alifanyalo wakati huo huandikwa kuwa ndiyo mipaka. Sheria ya mguu hutungwa na mguu wenyewe.

Hapo ndipo tabia ya mtu hujitokeza. Yuko akanyagaye kwa nguvu zake zote, mgongo wima, kama aapishwaye. Kisanduku husadiki. Baadaye, katikati ya wimbo wa tatu, mguu ule ule ukikanyaga kwa nguvu za kawaida haufiki tena kwenye mpaka uliowekwa, na matoazi ambayo mwenyewe adhani amefunga husikika yakivuja. Hulaumu pedali, na pengine huenda dukani kununua nyingine! Yuko wa pili, agusaye kidogo tu ili asisumbuke. Kwake kila mkanyago huhesabiwa kuwa umefunga, na daraja zote za kati humezwa. Kosa lake halisikiki, na ustadi wake pia hausikiki.

Katika masoko ya pwani nafaka ilipimwa kwa kibaba cha tele, kilichofurika juu, au kwa kibaba cha mfuto, kilichosawazishwa kwa ukingo. Vyote viwili vilikuwa halali maadamu muuzaji na mnunuzi wamepatana. Haramu ilikuwa kupokea kwa tele na kutoa kwa mfuto, nayo ndiyo dhambi iliyotajwa mwanzo wa Sura ya 83 ya Kurani. Mpigaji wa kwanza ametenda hivyo hivyo, ila aliyepunjwa ni yeye mwenyewe: amejipima kwa tele, anapiga kwa mfuto. Mwanafunzi apangaye saa za kusoma za mwaka mzima kwa bidii ya juma la kwanza yumo katika biashara hiyo hiyo.

Yatasemwa kuwa dawa ni nyepesi: pima kwa mguu wa kila siku. Naam, lakini mguu wa kila siku huona haya kuja mbele ya kipimo. Mtu ajuaye kuwa anapimwa hubadilika, hata kama mpimaji ni yeye. Kwa hiyo naona ni bora mpigaji apige kwanza kwa muda, mwili usahau, ndipo aweke mipaka. Tena mtu mwingine asikilize. Na kazi hiyo hairuhusu kufanywa mara moja ikaisha. Mpira wa kihisi huchakaa, springi hulegea, stendi husogea. Aliyepima vizuri mwaka jana hakusema uongo, lakini nambari yake yaweza kusema uongo kwa niaba yake leo.

Limebaki gumu zaidi. Seti moja, katika kanisa au shule, hutumiwa na wawili: mtu mzima wa mguu mzito na kijana wa mguu mwepesi. Ikisawazishwa kwa mzito, matoazi ya kijana hayafungi kamwe. Ikisawazishwa kwa mwepesi, mzito hupoteza daraja zake zote. Kugawanya tofauti katikati ni kuwadhulumu wote wawili kwa adabu. Mimi ningeweka kipimo cha mwepesi. Mguu mzito waweza kujifunza wepesi, ilhali kijana hawezi kuamriwa kuwa na uzito asio nao. Mtu mzima atanung'unika, na ana haki ya kunung'unika, kwa kuwa kwa muda atasikika mbaya kuliko alivyo mbele ya watu wale wale waliomzoea akiwa mzuri.