Mwendo wa Aliye Nyuma

Watu wanapokwenda pamoja kwa miguu, haupiti muda mrefu kabla kundi halijagawanyika. Hapana aliyetoa amri. Miguu hujipangia yenyewe. Tazama wanafunzi 30 waingiao msitu wa Karura, zile hekta zipatazo 1,000 za miti zilizomo ndani ya jiji la Nairobi. Asubuhi wote hupita langoni kwa kicheko kimoja. Njia huwachukua chini ya mikaratusi na miti ya asili, ikawashusha penye mianzi kandokando ya mto, kuelekea maporomoko ya maji na mapango. Kabla ya adhuhuri 10 wako mbele, 15 wako kati, na watano wako nyuma sana, wala hawazisikii tena sauti za wenzao. Je, kundi lina deni gani kwa hao watano?

Wako wasemao kuwa halina. Njia ni wazi, kila mtu ana miguu yake, na nguvu si kosa hata mwenye nazo aadhibiwe kwa kutambaa. Neno hili si la kudharauliwa. Kijana aliyejaliwa mapafu mazuri hana sababu ya kuona haya kwa ajili yake.

Wengi, hata hivyo, hujiona waungwana kuliko hao, kwa maana wao hungoja. Wafikapo njiapanda huketi, hunywa maji, hutafuna njugu, huwatazama mbega matawini. Lakini uungwana huu una kasoro wasiyoiona, kwa sababu faida yake ni yao. Mara tu aliye nyuma atokeapo, akitweta, wa mbele huinuka wakajipangusa nguo na kusema, “Haya, twende.” Wakingoja hivyo mara tatu, robo saa kila mara, wamepumzika dakika 45. Yeye aliyehitaji mapumziko kuliko wote hakupata hata moja, na juu ya hayo hutazamiwa kushukuru! Pengine huambiwa kwa upole kwamba haraka haraka haina baraka. Na asemaye ni yule aliyekwisha kupumzika.

Basi kungoja si kwenda pamoja. Aendaye pamoja na mwenzake hutoa kitu chake, nacho ni mwendo wake mwenyewe. Je, atoapo anatoa sadaka au analipa deni? Mimi nasema analipa deni. Walimu wengine huwaonya wenye mbio kwamba kesho watachoka wao. Hoja hii naiona dhaifu, kwa kuwa wako ambao hawatachoka kamwe, na deni lao lingali pale pale. Deni lilianza langoni, walipokubali kuitwa kundi. Aliye dhaifu aliuingia msitu kwa kuliamini neno hilo; asingeuingia peke yake. Na msitu wenyewe ni mali ya wote. Mwaka 1998 na 1999, viwanja vyake vilipokuwa vikigawiwa watu, Wangari Maathai na wenzake walikwenda kupanda miti humo, na Januari 1999 walipigwa kwa ajili hiyo. Hawakuutetea kwa ajili ya wenye mbio peke yao.

Aliye nyuma naye ana wajibu. Aseme mapema kwamba kiatu kinamchubua, wala asifiche lengelenge kwa kuona haya mpaka lipasuke. Tena yuko achelewaye kwa maumivu, na yuko achelewaye kwa kusimama kila hatua apigwe picha. Huyu wa pili hadai kitu kwa mtu.

Sitaficha gharama yake. Kundi likifuata mwendo wa aliye dhaifu huenda lisiyafikie mapango siku hiyo, na mwenye hamu ya kuyaona atarudi nyumbani hakuyaona. Hiyo ni hasara ya kweli, wala haipungui kwa kuitwa jina zuri. Kwa hiyo ni afadhali njia ichaguliwe mapema, iwe fupi, kwa shauri la wote. Aliye dhaifu na awe wa pili kutoka mbele, nyuma ya kiongozi, na mmoja wa wenye nguvu akubali kuwa wa mwisho. Na wafikapo njiapanda, mapumziko yaanze kuhesabiwa wakati afikapo wa mwisho.