Dalili na Sababu: Suali juu ya Unene na Vitamini D

Baadhi ya ndugu zetu wametuuliza: mtu mnene aliyepimwa damu ikaonekana ana upungufu wa vitamini D, akinunua vidonge vyake akavimeza kila siku, je, atakuwa ameutimizia mwili wake haki yake? Suali hili kwa dhahiri ni la tabibu. Kwa undani ni suali la tabia. Kwani lauliza kama yafaa mtu kuishughulikia dalili, kisha akaiwacha sababu mahali pake.

Vitamini hii hufanywa na ngozi ipigwapo na jua, nayo huyeyuka katika mafuta. Kwa hivyo kwa mwenye mwili mkubwa hutawanyika na kufichika ndani ya shahamu, ikaonekana haba katika damu. Mwaka 2013 wataalamu waliochunguza alama za urithi za watu zaidi ya 42,000 walieleza ya kwamba unene ndio uishushao vitamini D. Kwamba upungufu wake ndio uletao unene, hawakuliona hilo. Wazee husema, pafukapo moshi pana moto. Basi apepeaye moshi hakuzima moto.

Huenda mtu akasema: hata hivyo, vidonge vitamkinga na kisukari. Twamjibu kwa yaliyojaribiwa. Mwaka 2019 huko Marekani yalitangazwa matokeo ya watu 2,423 waliokuwa wamekaribia kisukari. Nusu yao walipewa yuniti 4,000 za vitamini D kila siku, na nusu vidonge vitupu. Baada ya kiasi cha miaka miwili na nusu, walioshikwa na kisukari walikuwa 293 katika wale wa kwanza, na 323 katika wale wa pili. Tafauti ambayo yamkini ni ya bahati tu. Mwaka 2023 yalipokusanywa majaribio matatu ya namna hii, ilionekana hatari imepungua kwa asilimia 15. Nafuu hiyo hatuikanushi. Lakini katika jaribio jengine la Marekani, la mwaka 2002, watu waliofunzwa kupunguza asilimia 7 ya uzito wao na kuushughulisha mwili dakika 150 kwa wiki walipunguza hatari hiyo kwa asilimia 58.

Basi aliyeandikiwa vidonge na tabibu avitumie, kwani mifupa yavihitaji. Lakini asivifanye fidia ya sahani asiyotaka kuipunguza. Huko ni kuidanganya nafsi, na nafsi hupenda kudanganywa.

Wala asitokee mtu akayachukua maneno haya kuwa fimbo ya kuwapigia wanene. Si kila mnene ni mlafi. Kuna urithi, kuna kazi za kukaa kutwa, kuna vyakula rahisi vilivyojaa sukari na mafuta. Jukumu ni jambo moja, na lawama ni jambo jengine. Na jukumu hili si la mnene peke yake: sisi tumwekeao mgeni sinia la pilau na soda juu yake, kisha tukaona kukataa kwake ni kutuvunjia heshima, tuna fungu letu. Mwili ni amana. Na mwenye kumsaidia mwenziwe kuilinda amana yake ni bora kuliko mwenye kumcheka kwa kuipoteza.